Kibao cha Kushika Nafasi ya Mwenzake

Nilimjua Fundi miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo sikumwamini. Ninasema hivyo mwanzoni ili anayesoma asome akijua. Ni mimi niliyesema maneno yaliyompeleka kashoti, jela ya askari, wakati wa vita ya pili, na maneno yenyewe hayakuwa uongo. Niliona nilichoona.

Jina lake silitaji. Hapa Kamina, Kongo, katika kambi ya reli, tulimwita Fundi, na mwenye adabu alisema Papa Fundi. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sikuuliza wala siandiki. Kabla ya vita tuliwaona watu wamejaa kwenye kituo na magodoro na masufuria yao, wakingoja treni ya kuwaondoa katika mji waliozaliwa, kwa sababu mtu fulani aliuliza, "Weye, baba yako ni wa wapi?" Tangu siku hizo swali hilo nimelifunga. Nilimshuku Fundi kwa mambo mengine, na yalitosha.

La kwanza, hakuwa na takataka. Mimi nilikuwa mfagiaji wa biro, ofisi ya reli, na makarani niliwajua kwa vikapu vyao: huyu maganda ya karanga, yule barua za mapenzi alizozichana vipande vinne tu, kwa hiyo zilisomeka. Kikapu cha Fundi kilikuwa kitupu kila jioni. Mtu mzima anakaa katika chumba kutwa nzima na hatupi hata uzi? Anaupeleka wapi?

La pili, macho. Kanisani aliimba sauti ya chini, sauti nzuri, sikatai. Lakini wakati wa sala hakufumba macho hata mara moja. Najua, kwa sababu na mimi niliyaacha wazi nipate kumwangalia.

La tatu, mlango. Nyumba yake haikuwa na kufuli. Watu walisema ni moyo mweupe. Mimi niliwaza: asiyefunga mlango anataka tuamini kwamba hana kitu ndani.

Kazi yake ya zamani ilikuwa simu za reli na mashine za kuandikia. Alitengeneza pia redio za kambi nzima. Yangu ilikufa, akaichukua, akairudisha siku ya tatu ikiimba.

"Ni ngapi, Papa Fundi?"

"Ni bure, Mama Mapasa."

Bure ikanikosesha usingizi. Nikaibeba hadi kwa fundi mwingine sokoni, nikamwambia afungue aangalie kimetolewa nini. Yule akafungua, akakuna kichwa. Hakikutolewa kitu, akasema, kimeongezwa. Kuna waya na kipande ambacho redio hii haikuwa nacho ilipotoka kiwandani. Nikarudi nyumbani nimekasirika zaidi. Mtu anaongeza kitu katika redio ya mwenzake kwa faida gani?

Na ufagio. Aliazima ufagio wangu mdogo wa mkono, wa nyuzi laini, akidai ni wa kupangusa mavumbi ndani ya mashine. Hakuurudisha. Nilimkumbusha mara tatu, akajibu mara tatu, "Kesho, Mama." Hilo nalo liandikwe.

Alikuwa na neno moja kwa kila kitu: "Tutaona kama itaamuka." Lori limekufa barabarani: tutaona kama itaamuka. Mtoto wa jirani ana malaria: tutaona kama ataamuka. Serikali mpya ilipoingia baada ya vita ya kwanza, makarani wakacheza juu ya meza, yeye akakunja mikono: "Tutaona kama itaamuka." Mmoja akamwambia maneno hayo yatamfunga. Akacheka.

Baada ya serikali hiyo kuingia ikaja mashine kubwa. Ilikuwa sanduku refu la kijivu, likawekwa katika chumba cha nyuma chini ya feni. Makarani wanne walikuwa na vioo vyao vya kuandikia, lakini vioo vyote vilikula kutoka kwa sanduku hilo. Ndani yake mlikaa mabehewa: lipi liko Kabongo, lipi limebeba samaki wa Kinkondja, lipi limekatika magurudumu na kuachwa njiani. Waliiita seriveri. Ilikuwa polepole. Karani aliandika namba ya behewa, akatoka kununua karanga, akarudi, na kioo bado kinawaza.

Fundi akasema mashine ina ubongo mmoja, na ndani kuna nafasi ya pili, imetengenezwa makusudi. Ikiongezewa ubongo wa pili itakimbia. Shefu wetu, mkuu wa biro, mzee wa kanisa na mtu wa haraka, akaagiza. Ubongo ukaletwa na treni, kitu cheusi kama kijitabu. Fundi akausoma ubavuni, akaurudisha mezani.

"Hapana, Shefu."

"Hapana nini? Ubongo ni ubongo! Tia!"

"Hii na ile ya kwanza haziko mapasa. Mwendo wa hii iko mbali na mwendo wa ile. Ukizitia pamoja zitagombana, na mashine haitaamuka." Akanigeukia mimi na ndoo yangu. "Uliza Mama Mapasa. Unaweza kununulia mumoja kitambaa, mwingine unamupa gunia?"

Makarani wakacheka. Mimi sikucheka. Nilizaa mapasa, ndio mapacha, Kyungu na Kabange, na kwetu Baluba sheria yake ni kali: kipimo kimoja, kitambaa kimoja, siku moja. Lakini sikupenda watoto wangu waingizwe katika mambo ya chuma. Nikawaza, anaukataa huu kwa sababu anataka kuununua yeye kwa bei ya chini.

Tulingoja miezi minne. Uliofanana ukafika kutoka Lubumbashi ndani ya kopo la maziwa ya unga, umefungwa katika mfuko unaong'aa. Bado ulinukia maziwa. Fundi akauweka karibu na karatasi aliyoandika namba za ule wa kwanza, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili. Kisha akazima mashine saa ya chakula, makarani walipotoka.

"Mama Mapasa, mukono yako inatuliaka. Kuya unishikilie tochi."

"Minyi, mfagiaji? Bakarani beko wapi?"

"Bakarani beko nasema sana, mate inaruka. Vua viatu. Halafu uguse ile bomba."

Kulikuwa na bomba la maji ukutani, la chuma. Kila mara kabla ya kufungua mashine nilimwona akivua viatu, akivua mkanda wenye chuma, akilishika bomba hilo na kunyamaza kidogo. Kwa mwaka mzima niliamini ni uganga.

"Ile ni maombi ya kanisa gani, Papa Fundi?"

"Ya umeme, Mama. Muntu akitembea anabeba umeme kidogo mu mwili. Ukigusa mashine nayo, unaiua, na hauone hata moshi."

Nikavua viatu, nikagusa bomba. Baridi tu.

Nilimulika ndani. Ubongo wa kwanza ulisimama wima katika mfereji wake. Katika mfereji wa pili, ule niliodhani ni mtupu, kulikuwa na kibao chembamba cha kijani, chepesi, kina vijipande vidogo kama mbegu za mchicha wa lengalenga. Fundi akakichomoa, akikishika kingoni kwa vidole viwili, uso wake hakuugusa. Akakifunga katika leso, akakitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Na kile?"

"Kile kimepumuzika."

"Kinaenda wapi?"

"Kwangu."

Alisema hivyo bila haya. Kisha akauchukua ubongo mpya, akauweka katika mfereji, akasukuma kwa vidole gumba viwili, sawasawa, mpaka ukasema *ka*. Akawasha. Feni ikazunguka, kioo kikaja, na uso wa Fundi ukasinyaa. Mashine ilihesabu ubongo mmoja tu.

"Umeharibu," nikasema.

"Hapana. Ilikomea peke yake, kama mutoto hana ndugu. Lazima tuiambie kama imepata ndugu."

Alikaa siku mbili akiiambia, kwa vidole, na kitabu cha Kifaransa magotini. Siku ya tatu kioo kikaandika mbili. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akionyesha meno yote. Karani aliandika namba ya behewa na hata kukohoa hakukohoa, jibu likawa limekuja. Muuza karanga alilalamika. Mimi niliendelea kuwaza kile kibao. Kilitoka katika mali ya reli kikiwa ndani ya leso ya mtu.

Ikaja vita ya pili. Ndege zilipita chini, kituo kikajaa askari, Komanda akakaa katika kiti cha Shefu. Alitaka kujua kila saa behewa gani liko wapi, na mashine ilimjibu. Mpaka Jumatatu moja nilipofungua biro nikakuta feni ya sanduku kimya. Kifuniko kilikuwa kimesogezwa. Ubongo wa pili haukuwepo. Mfereji wazi, kama pengo la jino.

Mlango haukuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu: ya Shefu, ya Fundi, na yangu.

Askari walitusimamisha, sisi wenye funguo na makarani, mbele ya meza. Komanda alikuwa kijana kuliko mwanangu, na macho hayajalala.

"Mama, weye njo unafagia humu. Uliona nini?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini mimi sikulelewa kunyamaza nikiwa nimeona. Nikasema, "Niliona Papa Fundi anatosha kintu, anakitoa mu mashine. Alikifunga mu leso, akaenda nacho kwake."

"Lini?"

"Siku ya kutia ubongo."

Fundi akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama vile alivyozisoma zile namba ubavuni.

Askari wawili walienda kwake. Mlango haukuwa na kufuli, unakumbuka. Wakarudi na kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo leso, na ndani ya leso kibao.

"Hii ni nini?" Komanda akauliza.

"Ni ile itaamusha mashine, Komanda. Ubongo wa pili banaiba. Wa kwanza iko muzima. Lakini nafasi ya mwenzake ikibaki wazi, ule mumoja hauamuke. Mutie ile kibao pale."

"Iko na kazi gani?"

"Haina kazi. Haiwaze kitu. Iko nakaa tu pahali pa mwenzake."

Wakacheka. Askari, makarani, wote. Shefu alicheka kupita wengine, akafuta macho. "Komanda, umesikia? Muntu anaficha kintu haina kazi! Akiitia mule, ataangamiza na ile imebakia."

Wakamfunga mikono. Komanda akasema mwenye kuharibu mashine wakati wa vita ni adui, na treni ya Ijumaa itampeleka Lubumbashi kwa watu wasiouliza mara mbili. Kibao kikafungwa uzi na karatasi ya ushahidi, kikaachwa juu ya meza.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkumbuka Kyungu.

Kyungu alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Mama mkwe wangu akaenda kwa mchongaji, akaniletea mti mdogo, urefu wa kiganja, una kichwa na tumbo. Huo ulikaa mahali pa Kyungu. Nilipomwogesha Kabange niliuosha, nilipompaka mafuta niliupaka, nilipomshonea shati niliukatia kitambaa kilekile. Mti hauli, hausemi, hauna kazi. Upo ili aliyebaki asione pengo akamfuata ndugu yake. Miaka ikapita, kanisa likatuambia wanawake tuvilete vitu vyote vya namna hiyo vichomwe. Nilifunga mwiko wa zamani wa kusongea ugali katika kitambaa, nikautupa motoni mbele ya watu, nikaimba pamoja nao. Shefu ndiye aliyeongoza wimbo. Mti ukabaki sandukuni, chini ya sare yangu ya mama wa kanisa.

Kwa hiyo Fundi aliposema *iko nakaa tu pahali pa mwenzake*, mimi peke yangu katika chumba kile nilielewa. Na ili kumtetea ilinipasa kusema nimeelewa kwa sababu gani, mbele ya Shefu. Nikachukua ndoo yangu nikatoka.

Jumanne nilifagia. Jumatano nilifagia. Mke wa sentineli, mlinzi wa kashoti, akaniambia Fundi anaulizwa kila asubuhi, na kwamba shati lake limebadilika rangi. Alhamisi, saa ya chakula, Komanda alienda kituoni na makarani wakatoka. Kibao kilikuwa palepale mezani. Sanduku lilikuwa bado limefunguliwa, kwa sababu hakuna aliyejua kulifunga.

Nilivua viatu. Niligusa bomba, nikahesabu mpaka kumi, nisije nikawa na umeme mwingi kuliko wengine. Nikakishika kibao kingoni. Mfereji ulikuwa mmoja tu wazi, mtoto angeuona. Nikasukuma kwa vidole gumba viwili. Hakikuingia. Nikakigeuza upande wa pili, nikasukuma tena, na kikasema *ka*. Nikabonyeza pale alipobonyeza yeye.

Feni ikazunguka. Nikavaa viatu, nikashika ufagio.

Karani wa kwanza kurudi alipiga kelele mpaka sentineli akaja na bunduki. Komanda akaingia akikimbia.

"Nani amegusa hapa?"

"Minyi nilifagia tu," nikasema. Ndio uongo wangu wa pili, baada ya ule wa mwiko.

Komanda hakujali. Mabehewa yake yalikuwa kwenye kioo, polepole kama zamani, lakini yote. Alitazama ndani ya sanduku, akaona kibao na karatasi yake ya ushahidi inaning'inia. Ijumaa treni iliondoka bila Fundi. Walimrudisha kwa sababu walihitaji mikono yake, na hakuna aliyemwomba msamaha. Mimi pia sikumwomba.

Alipoingia alitembea kwa kushika ukuta. Alienda moja kwa moja kwenye mashine, akainama, akaiona ile karatasi na uzi. Akageuka akaitazama miguu yangu. Nilikuwa na viatu.

"Mama Mapasa."

"Papa Fundi."

Basi. Baada ya wiki chache Shefu alihama na jamaa yake, mizigo mingi. Watu walisema mengi juu ya mizigo ile. Mimi sikuona, kwa hiyo siandiki.

Lakini tangu siku hiyo Fundi alibadilika, na kubadilika kwake kulinipa shuku mpya. Alinunua kufuli la nyumba. Nilipoingia kufagia alihesabu misumari yake ya mashine kabla na baada. Kanisani, wakati wa sala, nilifungua macho nimwangalie na kumkuta ananiangalia mimi. Nikawaza: kumbe aliiba kweli. Mtu msafi anaanza kufunga mlango wa nini?

Miaka ikaenda hivyo. Mashine yenyewe ilikufa, reli ikalegea, yeye akastaafu. Mwisho miguu yake ilivimba, na sisi mama wa kanisa tukaenda kumwona mchana mmoja na unga wa muhogo na samaki wakavu. Wenzangu walisali wakaondoka. Mimi nilibaki, kwa kuwa nilikuwa na kifurushi chini ya kitenge.

Alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani.

"Eyo vidye," nikamwamkia kwa Kiluba, kwa heshima ambayo sikuwahi kumpa.

"Eyo, Mama. Kaa." Akangoja nikae. "Ulivua viatu?"

Nikaelewa anauliza siku gani.

"Nilivua."

"Uligusa bomba?"

"Niligusa."

"Na ulitia upande gani kwanza?"

"Upande mubaya. Halafu nikageuza."

Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikaona kama sitauliza leo, sitauliza tena.

"Papa Fundi, ule ubongo wa pili. Ni weye ulibeba?"

Kicheko kikakatika. "Minyi? Mama, miaka yote hii nilikuwa nawaza ni weye."

"Weye! Unaniita mwivi?"

"Tochi ulishika weye. Uliangalia sana kila kintu. Ufunguo ulikuwa nao. Na mwenye kujua kuitia anajua kuitosha. Njo vile nilinunua kufuli."

Nilitaka kusimama nimtukane. Badala yake nikauliza, "Na kule kashoti balikuuliza nini?"

"Kila asubuhi swali moja. Nani mwingine anajua kufungua ile mashine."

"Ukasema?"

"Nilisema hakuna."

"Na ulikuwa nawaza ni minyi! Juu ya nini haukusema?"

Alinishangaa, kama karani aliyeulizwa jina lake.

"Juu sikuona, Mama. Nilikuwa nawaza tu."

Siku nne walimpiga. Mimi, Komanda aliniuliza mara moja, nikiwa nimesimama na ndoo yangu, na hakuna aliyenigusa.

Nikafungua kifurushi, nikamkabidhi ule mti wa Kyungu, pamoja na kitambaa chake cha mwisho. Nikamwambia ni nini, na kwamba ndiyo maana nilijua kibao kinakaa wapi. Hakuna mtu mwingine wa kanisa letu aliyewahi kuuona. Fundi aliushika kingoni kwa vidole viwili, uso wake hakuugusa. Akaupuliza mavumbi. Akauinamisha kwenye mwanga, upande huu na upande ule.

"Na mwenzake?"

"Kabange? Iko kwa reli bado. Iko na batoto batano."

"Anaamuka?"

"Kila asubuhi anaamuka."

Akaurudisha mikononi mwangu taratibu. Nikaufunga, nikaaga, nikashika mlango nitoke. Nyuma ya mlango ufagio wangu mdogo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, nyuzi zake zimekwisha nusu. Nikautazama. Nikauacha hapohapo.